Uani ni pa Nani Wakati wa Kampeni?

Ndugu msikilizaji, kila tunapozungumzia uchaguzi tunazungumzia viwanja vya mikutano, magari ya matangazo, majukwaa na watu waliofurika. Wiki hii nataka tuingie mahali ambapo wachambuzi wa siasa hawafiki mara kwa mara. Nataka tuingie uani. Namaanisha ule ua wa nyuma wenye bomba moja la maji, choo kimoja au viwili, na kamba za kuanikia nguo zinazokatiza kutoka ukuta hadi ukuta. Hapa Njombe, na zaidi kwa ndugu zetu wa Makambako, kampeni nyingi humalizikia hapo, na wakati mwingine huanzia hapo. Swali langu ni hili: je, ni haki kwa chama cha siasa, chama chochote kile, kufanya kampeni katika eneo linalotumiwa kwa pamoja na watu wote wanaoishi katika jengo moja?

Katika miji mikubwa swali hili huulizwa juu ya majengo ya ghorofa ambayo kila mtu anamiliki sehemu yake. Ngazi, korido, lifti, paa na kiwanja cha kuegesha magari ni mali ya wote. Nchi yetu nayo ina sheria ya majengo ya namna hiyo. Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo mwaka 2008, na Zanzibar ikatunga yake mwaka 2010. Chini ya sheria ya Bara kila mmiliki ana hati ya sehemu yake, na zaidi ya hapo ana fungu lake katika yale maeneo ya pamoja, fungu ambalo haliwezi kukatwa na kuwekwa pembeni. Wamiliki huunda chama chao cha kusimamia jengo, na chama hicho kina uwezo wa kuweka kanuni. Wakitaka kusema kwamba bango la mgombea halibandikwi ngazini, wana kikao cha kusemea hivyo na wana daftari la kuandikia.

Sasa niambie, ndugu yangu wa Makambako, katika nyumba yako daftari hilo liko wapi?

Nyumba ninayoisemea unaijua. Ukiingia mlango wa mbele unakuta korido ndefu yenye giza, vyumba vitatu au vinne kulia na vingine kushoto, kila mlango na pazia lake. Mwisho wa korido ndipo ulipo ua. Mita ya LUKU ni moja, na kila umeme unapokatika huanza mahesabu ya nani ana friji na nani ana pasi. Majiko ya mkaa hupangwa ukutani, na baridi yetu ya Julai ikishika, watu wote hujikuta wamezunguka jiko moja, wapende wasipende. Makambako ni mji wa njia panda. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia na ile ya kuja Njombe na kuendelea hadi Songea zinakutana pale, na reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, inapita pale. Kwa hiyo nyumba moja hukusanya Mbena, Mkinga mwenye duka, Mnyakyusa aliyeleta mchele, dereva wa lori ambaye kwao ni Tanga, na mwalimu aliyehamishiwa mwezi uliopita. Watu hawa hawakuchaguana. Kilichowaleta pamoja ni kodi wanayoimudu.

Hilo ndilo linaloitofautisha nyumba ya kupanga na kijiji. Kijijini Lupembe au Uwemba, mtu akija kuomba kura nyumbani kwako, anakuja kwako. Ukimkaribisha umemkaribisha wewe, na ukimkatalia umemkatalia wewe. Katika nyumba ya vyumba vinane, mtu mmoja akisema "karibuni", watu saba wengine wamekaribishiwa wageni ambao hawakuwaita, na wageni wenyewe wameketi kati ya mlango wa chumba na mlango wa choo.

Kampeni huingiaje? Mara nyingi huingia kwa jina la mwenye nyumba. Baba mwenye nyumba ni mwanachama wa chama fulani, basi bendera inasimamishwa juu ya paa au kwenye mti wa uani, na picha ya mgombea inabandikwa koridoni karibu na mita ya LUKU, mahali ambapo kila mpangaji lazima asimame. Mara nyingine huingia kwa miguu ya wapambe. Wanafika jioni, kwa sababu mchana watu wako sokoni na mashambani. Wanapiga hodi, wanasema "Kamwene!", na mgombea anayejua kusalimia kwa lugha ya kwetu amekwishapata nusu ya viti kabla hajataja sera hata moja. Viti vinatolewa, akina mama wanaacha kuosha vyombo, na kikao kimeanza. Hakuna aliyeomba ruhusa, wala hakuna aliyekataza. Siku nyingine huingia kwa kipaza sauti kinachowekwa dirishani kwa mpangaji mmoja kikielekezwa uani, na nyimbo za chama zinalia tangu alfajiri. Mwenye mtoto mgonjwa katika chumba cha tatu hana pa kwenda.

Wazee watasema mambo haya si mapya, na ni kweli. Tangu katikati ya miaka ya 1960 TANU ilipanga wananchi kwa nyumba kumi kumi, na kila kumi ikawa na balozi wake. Balozi alikuwa mtu wa chama na wakati huo huo mtu wa serikali. Alijua mgeni aliyelala kwako, aliamua ugomvi wa bomba, na aliitisha mkutano kwenye ua wowote uliokuwa na nafasi. Katika chama kimoja hapakuwa na haja ya kuuliza kama ua ni wa siasa au si wa siasa. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, mabalozi wa nyumba kumi walibaki kuwa wa CCM, na kazi za serikali zikawa za mwenyekiti wa mtaa, wa kijiji au wa kitongoji. Kwa sheria, jambo hilo lilikwisha. Kwa mazoea bado lipo. Wako watu wazima leo ambao wakiitwa na balozi kwenye mkutano wa uani wanakwenda wakidhani wameitwa na serikali.

Na hapa kuna jambo linalonishangaza. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka huo huo wa 1992 iliondoa matawi ya vyama mahali pa kazi na mashuleni. Kabla ya hapo matawi yalikuwa viwandani na maofisini. Ninavyoielewa mimi hekima yake ni hii: mfanyakazi hawezi kuondoka kazini ili kuikwepa siasa ya mkuu wake, na mwanafunzi hawezi kuondoka darasani. Sasa mpangaji naye aondoke uani aende wapi? Kazini mtu hukaa saa nane. Uani anaoga, anapika, anafua, na anasubiri zamu ya choo. Kama kuna mahali ambapo mtu hana njia ya kukwepa, ni hapo, na hapo ndipo sheria iliponyamaza.

Mtu atasema, kwani kuna ubaya gani? Ni bendera tu, ni picha tu, upepo utaichukua. Ubaya wenyewe ni kwamba kura ni ya siri, lakini ua hauna siri. Kikao kikikaa uani, kila mtu anaona nani ametoka na kiti chake akaketi mbele, nani amebaki chumbani na taa imezimwa, na nani amejifanya ana nguo za kufua. Kesho yake mama mwenye nyumba anakuuliza kwa upole, "Mwanangu, jana hatukukuona, ulikuwa unaumwa?" Hilo si swali la afya. Mpangaji anayejua kodi yake inaisha mwezi ujao ataelewa.

Twende kidogo Visiwani, kwa sababu wenzetu wale walikunywa kikombe hiki hadi mwisho. Unguja mjini yapo majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa kwa mpango ulioanza enzi za Mzee Abeid Karume. Hapo Michenzani ipo maskani ya Kisonge, ya wafuasi wa CCM, iliyojulikana sana kwa ubao wake wa chaki ulioandikwa maneno ya kisiasa, mengine makali kweli. Mji Mkongwe nako, penye kona ya Jaws, wafuasi wa CUF walikuwa na baraza lao, na kahawa, na maneno yao. Maskani na mabaraza ni utamaduni mzuri wa watu wa pwani, nami siwalaumu kwa kupenda kukaa pamoja. Lakini baraza likishapakwa rangi ya chama, mtu wa chama kingine anapita mbali, hata kama ndiyo njia yake ya kwenda nyumbani.

Na kule Pemba mambo yalikwenda mbali zaidi. Uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 1995 ulitangazwa kwa tofauti ndogo mno, asilimia 50.2 kwa Dk. Salmin Amour wa CCM na 49.8 kwa Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Baada yake majirani waligawanyika hata wakaacha kuzikana. Watu walisusa maduka ya wenzao, walisusa harusi, na wengine walisusa kupanda gari moja. Ilichukua miafaka miwili, ya 1999 na 2001, na katikati yake damu ya Januari 2001, kisha maridhiano na kura ya maoni ya Julai 2010, kuwafanya watu waketi pamoja tena. Sisemi kwamba bendera moja katika ua wa Makambako italeta ya Pemba. Nasema kwamba ya Pemba yalipitia katika mambo madogo kama haya, ya kisima, ya duka na ya jeneza.

Hata hivyo, ndugu msikilizaji, sitaki uondoke hapa ukidhani ninataka siasa ifukuzwe majumbani kabisa. La hasha. Kuna upande wa pili, na ni mzito.

Fikiria mtu anayegombea uenyekiti wa mtaa. Hana lori, hana jukwaa, hana wasanii kutoka Dar es Salaam. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba 2024 ulimpa siku saba tu za kampeni, kuanzia tarehe 20 hadi 26. Mtu huyo atasikika wapi kama si kwa kupita nyumba kwa nyumba? Na uenyekiti wa mtaa, tukumbuke, ndio uchaguzi wa uani hasa. Mwenyekiti ndiye anayeandika barua ya utambulisho, ndiye anayeitwa wapangaji wakigombana juu ya bili ya maji, na ndiye anayejua mtaro wa nyuma ya nyumba yenu umeziba. Ukimfungia mlango umewaachia uwanja wote wenye fedha za kukodi magari ya matangazo.

Tena tulikwishaona yanayotokea uwanja unapofungwa. Kuanzia mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, na zuio hilo liliondolewa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Januari 2023. Katika miaka yote hiyo, nje ya misimu ya uchaguzi, chama kilichotaka kuzungumza na watu kilibakiwa na mikutano ya ndani. Siasa iliyokatazwa kiwanjani haikufa, ilihamia ndani. Anayetaka ua upumzike na siasa, basi naye apiganie viwanja viwe wazi kwa vyama vyote kwa haki. Mambo haya mawili hayatenganishiki.

Basi tufanyeje? Nimeona nchi moja iliyolitafakari jambo hili kwa makini, nayo ni Kanada, ambako watu wengi wa mijini huishi katika majengo ya pamoja. Sheria yao ya uchaguzi ya mwaka 2000 inampa mgombea na watu wake haki ya kuingia katika jengo la ghorofa kati ya saa 3 asubuhi na saa 3 usiku, kupita koridoni na kubisha hodi mlango kwa mlango, na msimamizi wa jengo hana ruhusa ya kuwazuia. Sheria hiyo hiyo inasema mwenye nyumba hawezi kumkataza mpangaji kuweka bango la mgombea anayemtaka katika sehemu aliyoipanga, na chama cha wamiliki hakiwezi kumkataza mmiliki. Lakini wanaweza kukataza mabango katika maeneo ya pamoja. Tazama jinsi walivyopita katikati. Mguu wa mgombea unaruhusiwa kupita katika eneo la wote, kwa sababu bila kupita hapo hatafika mlangoni kwako. Ukuta wa wote hauruhusiwi kuwa mdomo wa mmoja. Na dirisha lako ni lako.

Mimi naona hekima hiyo inatufaa hata katika nyumba zetu za bati na kamba za nguo. Mpangaji akitaka kubandika picha ya mgombea wake juu ya mlango wa chumba chake, abandike, na baba mwenye nyumba asimguse. Jirani wa chumba cha pili akibandika ya chama kingine, sawa pia, watasalimiana bombani kama kawaida. Lakini korido, ua, mlango wa choo na ukuta wa mita ya LUKU vibaki vitupu. Mgombea akija, apige hodi chumba kwa chumba, na anayetaka kumsikiliza amkaribishe ndani. Kama wapangaji wote wamekubali wenyewe kumsikiliza kwa pamoja, heri wakae kibarazani upande wa barabara. Huko asiyetaka anaweza kupita zake bila kuonekana amesusa, na mgombea wa chama kingine akija kesho apewe nafasi ile ile. Kanuni za maadili za uchaguzi mkuu zimekuwa zikitaka mikutano ya kampeni ifungwe saa 12 jioni. Sioni kwa nini kikao cha uani kiendelee hadi saa 4 usiku.

Najua jibu la mwenye nyumba. Atasema, nyumba ni yangu, nimeijenga kwa viazi na mbao, nani wa kunikataza kusimika bendera kwangu? Ni hoja ya haki kwa nusu. Nyumba ni yake, na anayekaa chumba cha mbele na familia yake ana dirisha lake kama wengine. Lakini korido amekwishaipangisha. Hakuna mpangaji anayelipa kodi ya chumba kinachoelea hewani. Analipia chumba pamoja na njia ya kukifikia, na maji, na choo. Akishapokea fedha ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, kama ilivyo desturi yetu, amekwishauza matumizi ya njia hiyo kwa watu wanane wa mawazo manane.

Ugumu ni kwamba mpangaji wa kwetu hana pa kusemea. Iliwahi kuwapo Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2005. Hata ile sheria ya ghorofa ya 2008 niliyoitaja mwanzo imewapa sauti wamiliki. Aliyepanga kwa mmiliki hana kura katika kikao chao. Kwa hiyo kwa sasa ulinzi wa ua uko katika maneno ya watu wenyewe. Wapangaji wakizungumza kabla msimu haujafika, wakamwendea mzee mwenye nyumba wote kwa pamoja na kwa adabu, wakamwambia "Mzee, tunaomba uani pasiwe na chama chochote, hata tunachokipenda wenyewe", ni wachache watakaokataa. Akienda mmoja peke yake, ataulizwa yeye ni wa chama gani.

Neno juu ya sukari. Wapambe wakija na kilo za sukari, kanga na fulana, wakaziweka katikati ya ua, kila mtu anaonekana akichukua au asipochukua. Zamani jambo hili liliitwa takrima na lilikuwa na kibali cha sheria, hadi Mahakama Kuu ilipolibatilisha mwaka 2006. Kisha ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inayokataza kumpa mpiga kura zawadi ili kumshawishi. Na anayepita uani na daftari akiandika majina yenu na namba za kadi zenu za mpiga kura, msimpe. Kadi yako haimhusu.

Wapo watakaoniambia kwamba uchaguzi ukipita watu husahau. Wengine husahau. Lakini kumbukeni siku zile baada ya kura ya 29 Oktoba 2025, ghasia zilipozuka, intaneti ikazimwa nchini, na watu wakabaki majumbani bila habari za ndugu zao. Aliyekuwa karibu nawe si mgombea wala mpambe. Alikuwa jirani wa chumba cha pili, mwenye redio yake, na unga wake, na mkaa wake. Kama mlikuwa mmenuniana tangu Agosti kwa ajili ya picha ya koridoni, siku hizo zilikuwa ndefu sana.

Picha hizo zenyewe, hata leo ukipita mitaa yetu, bado zinaning'inia. Mvua za masika zimechuna nusu ya uso, shavu moja limebaki, na chini yake jina halisomeki tena. Waliozibandika walikuja na gundi na ngazi. Hawakurudi kuzibandua. Kazi hiyo imebaki kwa mpangaji ambaye wiki hii ni zamu yake ya kufagia korido.